Mistari minne ya buletini: nani anashika biki?



Kila mwenye alipita sekondari mu inchi hii anajua buletini. Chukua yako, ama ya mdogo wako, uangalie chini kabisa, karibu na stempi ya shule. Kuko mistari minne. Wa kwanza unasema mwanafunzi hatapanda darasa kama hajashinda repeshaji. Wa pili unasema anapanda. Wa tatu unasema anadubla. Wa nne unasema ameanguka na aelekezwe kwingine. Mwisho wa mwaka, mtu wa shule anachukua biki, anakata mistari mitatu na kuacha mmoja. Ule mmoja njo mwaka wako mzima: kuamka asubuhi, mvua, matope, na minervali yenye mama aliuzia makala kusudi ulipe.

Pale pale chini kuko onyo: buletini yenye kufutwa ama kuandikwa juu ya maandiko mengine haina nguvu. Ni vizuri. Lakini hakuna nafasi, hata mstari mmoja, ya kueleza mwenye biki alihesabu namna gani, alikaa na nani wakati wa kukata, na mtoto aende wapi kama anaona walimuonea. Walilinda karatasi. Mtoto hawakumlinda.

Tunaandika juu ya hii leo kwa sababu kila mwezi wa saba, wakati wa proklamasiyo, mabishano ni yale yale. Ku redio, ku WhatsApp, ku mlango wa kanisa: kiwango cha masomo kimeanguka, watoto wa leo hawajui hata kuandika barua, pandisheni pointi za kupita, hapana, shusheni. Watu wanagombania namba 50 sawa vile namba njo inaamua. Msimamo wetu ni huu: 50 kwa 100 ni mstari wa kutosha. Kenye kinakosekana ni kujua nani anaamua kama mtoto yuko juu ama chini ya ule mstari, na kumwomba atoe hesabu.

TUFANYE HESABU KIDOGO

Mu sekondari, mwaka uko na semestri mbili. Kila semestri iko na periodi mbili na mtihani. Kwa somo lenye maksima ya 20, periodi ya kwanza iko ku 20, ya pili ku 20, na mtihani ku 40. Jumla ni 80. Maana yake mtihani peke yake ni nusu ya semestri.

Sasa chukua msichana mmoja mwenye kupata 16 ku 20 periodi zote mbili. Hiyo ni 80 kwa 100, hakuna mtu wa kumgusa. Siku ya mtihani inafika. Asubuhi, kisha bendera, wanasoma lista ya wenye hawajamaliza minervali. Jina lake liko ndani. Anarudi nyumbani na kalamu zake. Ku mtihani anaandikiwa sifuri. 16 na 16 ni 32. 32 ku 80 ni 40 kwa 100. Ameanguka, na hakuna swali hata moja alikosa.

Hata kama angepata 20 ku 20 periodi zote, bila kupoteza hata nusu pointi, bila mtihani atafika 40 ku 80. Nusu kamili, ukingoni kabisa. Kwa hiyo mwenye alimpa pointi zake haikuwa mwalimu wa hesabu wala mwalimu wa Kifaransa. Ilikuwa mtu wa kaisi.

Na ile sifuri haiko na alama yoyote ya kusema ni sifuri ya minervali. Ku buletini inaonekana sawa sifuri ingine yote. Miaka mitatu kisha, mtu akiisoma, atasema tu: huyu hakukuwa na akili.

Kuko pia wenye walifanya mitihani yote, lakini nyumbani kumebaki deni. Hao shule inafungia buletini mu kabati. Mdogo wangu wa kike alimaliza mwaka namna hiyo, ku shule yenye sitataja jina. Alikaa likizo nzima bila kujua kama amepanda. Mwezi wa tisa mama alipata franga, akalipa, buletini ikatoka: 61 kwa 100. Alikuwa amepita tangu mwezi wa saba. Miezi miwili alijiita mjinga mu nyumba yetu, na sisi tulinyamaza, juu hatukukuwa na karatasi ya kumbishia.

Tunajua Katiba yetu, kifungu cha 43, inasema masomo ya primeri ni ya lazima na ya bure ku shule za Serikali. Tangu mwezi wa tisa 2019 ile bure ilianza kutekelezwa, na watoto wengi wenye walikuwa wanauza karanga barabarani waliingia mu darasa. Hatutaki irudi nyuma. Lakini sekondari haiko ndani. Mtoto anatembea miaka sita mlango ukiwa wazi, kisha anakutana na kaisi. Na pale njo pointi zinaanza kuwa na bei.

MWALIMU ANAKULA KU MKONO WA NANI?

Wazazi wetu wanakumbuka. Mwanzo wa miaka ya 1990, wakati Serikali ya Mobutu haikulipa tena walimu kitu cha maana, na migomo ikafunga shule, wazazi njo walianza kuwalipa kusudi shule zisife. Waliita hiyo franga motivasiyo. Ilipaswa kuwa dawa ya siku chache. Ilikaa miaka na miaka, kizazi kizima kilizaliwa na kumaliza masomo ndani yake. Sisi njo hicho kizazi.

Ilifanya kitu kimoja chenye hatukukiangalia vizuri. Mwalimu akawa anamhukumu mtoto wa mtu mwenye anamlisha. Mzazi mwenye kulipa mapema anasalimiwa kwa jina. Mzazi mwenye kuchelewa, mtoto wake anakaa nyuma. Hata kama mwalimu ni mtu wa haki, tumbo lake liko mu mkono wa upande mmoja.

Bure ya 2019 ilipaswa kukata ile kamba, angalau ku primeri. Lakini kuko walimu wenye wanafundisha mwaka baada ya mwaka na majina yao hayajaingia ku lista ya malipo ya Serikali. Wenye wako ku lista nao, mwanzo wa mwaka wa shule 2024 waligoma sehemu mingi za inchi, hapa Kivu pia, wakiomba mshahara wa dola 500. Ukimpa mtu kama huyo mamlaka ya kukata mistari mitatu ya buletini, bila shahidi, bila andiko, unamjaribu kila mwezi wa sita. Wengi wanakataa kishawishi. Tunawajua, walitufundisha, tunawaheshimu. Lakini shule haiwezi kusimama juu ya uvumilivu wa mtu mwenye njaa.

Na ukitaka kulalamika, unaanzia wapi? Shule nyingi za Serikali ziko mikononi mwa makanisa na jumuiya za dini, kufuatana na mkataba wa mwaka 1977. Serikali inalipa na kuandika programu, dini inasimamia shule. Ku karatasi ni ushirikiano. Kwa mzazi ni safari. Prefe anasema: hiyo ni deliberasiyo, imeisha, nenda ku kordinasiyo ya kanisa. Kordinasiyo inasema: nenda ku sudiviziyo. Sudiviziyo inasema: ona inspekta. Inspekta anasema: pointi ni mambo ya ndani ya shule. Mama anapanda moto mara nne, nauli inaisha, mwezi wa tisa umefika. Mtoto anadubla.

MU CHUMBA CHA DELIBERASIYO

Tuseme ukweli juu ya deliberasiyo, maana wengine wanataka ifutwe. Sisi hapana. Walimu wa darasa wanakaa pamoja na prefe, wanapitia kila jina. Kuko kijana wa 48 kwa 100 mwenye alizikisha baba yake mwezi wa tatu. Kuko msichana mwenye aliugua malaria wakati wa periodi ya mwisho. Mashini ingewaangusha. Mwalimu mwenye kuwajua anaweza kusema: huyu anaweza, tumuongeze pointi mbili mu jeografia. Hiyo ni haki. Ni sehemu moja tu ya shule yetu ambapo mtu mzima anaruhusiwa kumwangalia mtoto kabla ya kumhukumu.

Shida ni mlango wenye kufungwa. Kwa sababu ile ruhusa ya kuongeza pointi mbili kwa yatima ni ruhusa ile ile ya kuongeza kumi kwa mtoto wa mkubwa, na kutoa tatu kwa mtoto wa mama mwenye kusema sana ku mkutano wa wazazi. Ukiwa nje huwezi kutofautisha. Hakuna andiko lenye kufika ku mzazi. Karatasi ya mtihani yenyewe hairudi. Ku shule nyingi periodi mwalimu anarudisha interogasiyo, unaona makosa yako, unaweza kusema: mwalimu, hapa ulisahau kuhesabu. Mtihani wenye nusu ya pointi, hapana. Unaona namba peke yake.

Na kuko kitu chenye mabinti wanajua kuliko sisi. Kila mtu mu inchi hii anajua ile maneno ya pointi zenye kuambukizwa kitandani. Watu wanaicheka. Haichekeshi. Inawezekana kwa sababu mtu mmoja anaweza kubadilisha 42 kuwa 52, ama 52 kuwa 42, na hakuna mwingine ataona karatasi. Sheria ya mwaka 2006 juu ya ubakaji na ukatili wa kijinsia inaadhibu mwenye kutumia mamlaka yake kumsumbua mtu kwa ajili ya ngono. Lakini ili binti ashinde, anahitaji kuonyesha kwamba pointi zake zilikuwa zingine. Atazionyesha na nini, kama karatasi ilibaki mu kabati ya ule ule mwalimu? Kurudisha karatasi za mitihani kunaonekana kitu kidogo cha ofisi. Kwa dada zetu ni ushahidi.

WENYE KUPANDISHA WOTE, NA WENYE KUFUKUZA

Kuko shule zenye hazitaki kumwangusha mtu. Nyingi ni za watu binafsi, zilizaliwa pande zote za miji yetu, ingine ndani ya nyumba ya kupanga. Mtoto mwenye kudubla anahama shule, na minervali yake inahama naye. Kwa hiyo wote wanapanda. Mtoto anafika mwaka wa mwisho bila kuweza kusoma swali la Exetat mpaka mwisho, na wazazi walikuwa wanafurahi miaka yote.

Kuko zingine zinafanya kinyume. Zinataka kusema ku redio: sisi tulipata 100 kwa 100. Basi mwenye kuonekana dhaifu, wanamkatia mstari wa nne mwaka mmoja mbele: aelekezwe kwingine. Anaondoka, asilimia ya shule inabaki safi. Hakuna mtu alimfundisha zaidi. Walimhamisha tu.

Munaona, ni biki ile ile. Mara inapandisha kwa ajili ya franga, mara inafukuza kwa ajili ya sifa. Ndiyo maana kupandisha kiwango peke yake hakutasaidia. Ukisema kesho kupita ni 60, shule ya kwanza itaandika 60 kwa wote, na ya pili itafukuza wengi zaidi.

NA EXETAT?

Wengine watasema: basi shule isiamue, Serikali iamue kutoka Kinshasa. Tayari inaamua sehemu. Kuko mtihani wa mwisho wa primeri, kuko TENASOSP ku mwisho wa darasa la 8, na kuko Exetat, yenye iko tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa Kamituga na mtoto wa Gombe wanahukumiwa kwa mtihani wa inchi moja. Sisi tunaipenda hiyo. Mu inchi yenye kugawanyika hivi, ni moja ya vitu vichache tuko navyo kwa pamoja. Siku matokeo yanatoka, muliona vile mitaa inakuwa: poda ku nywele, wamama wanapiga vigelegele, watu hawajuani wanakumbatiana. Hiyo furaha ni ya kweli na hatutaki mtu aichafue.

Lakini nayo inachafuliwa. Kila mwenye alifanya Exetat anajua kuhusu machango yenye hayana risiti, ya kuwapokea vizuri wasimamizi. Anajua majibu yenye kutembea ku simu usiku kabla ya mtihani, mara ya kweli, mara ya uongo, lakini yote ya kulipwa. Na kisha kupita, diploma yenyewe inaweza kukawia miaka, unatembea na karatasi ya kushuhudia kwamba ulishinda mpaka inapasuka kwenye mikunjo.

Tena Exetat inakuja mwisho wa njia. Haimwoni mwenye alifukuzwa siku ya mtihani akiwa darasa la 7. Haimwoni mwenye alihamishwa kabla ya mwaka wa mwisho. Haimwoni mtoto mwenye alikimbia vita. Tangu Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mu mwezi wa pili, familia ngapi zilihama na mfuko mmoja, bila buletini? Mtoto anafika ku shule ya mji mwingine, anasema nilikuwa darasa la 8. Nani anaamua? Prefe wa pale. Anaweza kumpokea, anaweza kumrudisha nyuma miaka miwili, anaweza kumwomba franga ya kutafuta karatasi. Mtoto alikimbia risasi, sasa anabembeleza biki.

KARATASI YENYE HAKUNA MTU ANAAMINI

Mutauliza: sisi wenye tulimaliza, hii inatuhusu nini? Mimi niko na diploma ya Serikali, niko na lisansi ya chuo kikuu, na sina kazi. Niliacha maombi mu ofisi nyingi, na kuko jibu moja lenye kurudi, wanalisema kwa adabu: bwana, diploma kila mtu iko nayo, uko na mtu wa kukujua hapa?

Nilikuwa nasikia hilo jibu kama ukabila na undugu tu. Iko na hiyo. Lakini kuko kingine. Mwenye kuajiri anajua pointi zinanunuliwa. Hawezi kutofautisha 70 ya kusoma na 70 ya kulipa. Basi anaacha karatasi pembeni, anamchukua mtoto wa shangazi, angalau anajua tabia yake. Kila pointi yenye kuuzwa mu darasa la 7 inashusha bei ya diploma ya yule mwenye alikesha na taa ya petroli. Mwenye kununua anapata mwaka mmoja. Mwenye kusoma anapoteza yote.

Ndiyo sababu tunasema hii ni vita ya wanainchi, haiko ya wanafunzi peke yao. Mtoto mwenye anajifunza akiwa na miaka 12 kwamba anayeamua haelezi, na kwamba dawa ni franga ama kujulikana, usishangae akiwa na miaka 30, ku ofisi ya Serikali, akifanya sawa vile alifundishwa. Alikuwa na 100 kwa 100 mu somo hilo.

WENYE KUTUPINGA

Wazee wengine wanatuambia: munataka kuondoa heshima ya mwalimu. Zamani mwalimu akisema umeanguka, umeanguka, na baba anaongeza fimbo. Wazee wetu, tunawasikia. Lakini ile heshima ilikuwa na msingi wake: mwalimu alikuwa analipwa na kuishi kama mtu. Karatasi yenye kurudishwa haimshushi. Mwalimu mwenye kukosoa vizuri anafurahi watu waone kazi yake. Na yule mwenye kushutumiwa bure, karatasi itamtetea kuliko kiapo.

Wengine wanasema: mukifungua mlango wa malalamiko, kila mzazi atakuja kugombana, na mwenye nguvu ndiye atashinda. Hofu hiyo iko na maana. Ila mwenye nguvu anashinda tayari leo, anapiga simu tu. Malalamiko ya kuandika, yenye siku na sahihi, ni njia ya yule mwenye hana namba ya simu ya mkubwa.

Na wengine: kudubla kunamsaidia mtoto. Mara zingine ndiyo, kama shule inamfundisha tofauti mwaka wa pili. Lakini mara nyingi anarudishiwa masomo yale yale, na wazazi wanalipa tena. Binti wa miaka 16 akidubla, kuko baba anasema imetosha, aolewe. Kijana akidubla anaenda ku machimbo, ku moto, ama porini na bunduki. Uamuzi mzito namna hiyo hauwezi kuwa alama ya biki bila maelezo.

TUNAOMBA NINI

Kwa Wizara ya elimu, kwa wakubwa wa shule za makanisa, kwa maprefe na madirekta, tunadai:

1. Kila karatasi ya mtihani, ikiisha kukosolewa, mwanafunzi aione, na mzazi aweze kupata kopi.

2. Kanuni za kupanda, za repeshaji na za kudubla ziandikwe na kubandikwa ku ukuta wa shule mu mwezi wa tisa. Zisibadilike kati ya mwaka.

3. Deliberasiyo iwe na andiko lenye sahihi za wote: pointi gani ziliongezwa, kwa nani, sababu gani. Mjumbe mmoja wa komite ya wazazi akae ndani kama shahidi. Asipige kura, aone tu.

4. Mwanafunzi awe na siku 10 kisha proklamasiyo za kulalamika kwa barua, na inspekta ajibu kwa barua kabla shule haijafunguliwa.

5. Hakuna tena sifuri ya minervali, na hakuna buletini ya kufungiwa. Deni ni la mzazi. Shule imdai mzazi, imwache mtoto aandike mtihani.

6. Mtoto mwenye kukimbia vita bila karatasi apewe mtihani mfupi wa bure ku shule yenye kumpokea, matokeo yake yaandikwe, na yakubaliwe kila mahali.

7. Walimu wote waingie ku lista, walipwe mshahara wa kuishi, kila mwezi. Bila hiyo, yale sita ya juu yatabaki maandiko.

Na kwetu sisi wenyewe. Mu mtaa wako kuko mtoto mwenye hajapewa buletini wiki hii. Mutafuteni. Wazazi watano waende pamoja ku shule, asiende mama mmoja. Muombe kwa upole, mukiwa na barua, na mubaki na kopi yenye stempi ya mapokezi. Muulize komite ya wazazi kama ilisoma andiko la deliberasiyo. Piga picha ya kila buletini kabla haijapotea. Usitukane mwalimu, usirushe jiwe, usiandike jina la mtoto wa mtu ku Facebook. Mukijibiwa vibaya, mutuandikie: shule gani, siku gani, nani alisema nini. Tutakusanya, tutapeleka ku sudiviziyo kwa miguu, tutakaa ku mlango na mabango mpaka mtu atoke kusoma.

Shule inafunguliwa mwezi wa tisa. Hatuna siku mingi. Anzeni na buletini yenye iko karibu na nyinyi.